Mashine Iitwayo Uvumilivu

Iko nchi moja iitwayo Utuvu. Wenyewe hawapendi kuulizwa iko wapi, kwa hiyo na sisi tusiulize. Itoshe kusema kwamba ni nchi tulivu yenye serikali inayoona mbali, na hapo watu wa Utuvu wanamaanisha mbali hasa. Serikali yao imekaa mji mkuu, ghorofa ya juu kabisa, na kutoka huko inaiona kila mashine ya kila kiwanda nchini bila mtu hata mmoja kuinuka kitini.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani wakaguzi walikwenda viwandani kwa miguu yao, wakarudi na mafuta kwenye mashati na habari mbaya mdomoni. Waziri wa Viwanda alilitafakari jambo hilo, akagundua kwamba habari mbaya zinaletwa na huko kwenda. Wasingekwenda, zisingekuja. Basi akanunua vihisi. Kihisi ni kidude kidogo, unene wake kama kizibo cha chupa. Ukikibandika kwenye mashine kinahisi joto lake na mtikisiko wake, kisha kinapeleka habari kwa mtandao hadi Kituo cha Taifa cha Kuangalia Mitambo kwa Mbali. Huko Kituoni kila mashine ina taa yake kwenye skrini. Ikiwaka kijani, mashine ni nzima. Ikiwaka njano, mashine inafikiria. Nyekundu haikuelezwa kwenye mafunzo, kwa sababu, alisema Mkurugenzi, kulieleza jambo ni kulialika.

Mmoja wa waliopata mafunzo hayo alikuwa Kidawa Mshamu, mwanamke wa makamo, mpole, asiye na ugomvi na mtu. Yeye alikabidhiwa Kiwanda cha Kanga cha Mgandini, mji ulio mwisho kabisa wa nchi, mahali ambapo barabara ya lami inachoka na kuwa vumbi. Hakuwahi kufika huko, na haikuhitajika. Alikaa mbele ya skrini yake, akazitazama mashine za kufumia za Mgandini zikiwaka kijani, na jioni akaenda nyumbani.

Miezi ya mwanzo alikuwa akiziota taa zile. Baadaye hakuota kitu. Ukimuuliza habari za kazi anasema nzuri, ukimuuliza habari za nyumbani anasema nzuri, kwa sauti ileile. Siku moja alijikata kidole akimenya viazi, akabaki anakitazama kinavyotoka damu, kama mtu anayetazama taa ya njano akisubiri iamue yenyewe. Dada yake aliyekuwepo jikoni ndiye aliyepiga kelele.

*

Mashine za Mgandini hazikuwa na namba. Waziri alikataza namba, akasema namba ni kitu baridi. Badala yake kila mashine ilipewa jina la sifa njema ya taifa. Kulikuwa na Juhudi, kulikuwa na Nidhamu, Utiifu, Shukrani, Umoja na nyingine. Na kulikuwa na Uvumilivu.

Uvumilivu ilikuwa mashine ya kawaida kwa muda mrefu, kisha mwaka huu, baada ya mvua, ikabadilika. Joto lake likapanda hadi pale pale wataalamu walipoandika kwamba ndipo hasa panapotakiwa. Mtikisiko wake ukawa mwororo, wa haraka, usiokatika. Mashine nyingine zilikuwa zikipumzika kidogo mchana; Uvumilivu haikupumzika. Kidawa aliripoti hali hiyo kama taratibu zinavyotaka, na wiki iliyofuata Uvumilivu ikatangazwa kuwa Mashine Bora ya Taifa. Waziri mwenyewe alikuja Kituoni. Akasimama mbele ya skrini, akaivalisha shada la maua.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nimetembea nchi nyingi. Nimeona mashine kubwa, nimeona mashine ndefu. Lakini sijaona mashine yenye moyo kama hii! Kila Mtuvu na ajiulize leo: je, mimi ninatikisika kama Uvumilivu?"

Watu wakapiga makofi. Kidawa naye akapiga makofi, akipiga anapopiga jirani yake na kuacha anapoacha jirani yake. Kisha shada likaondolewa kwa sababu lilikuwa limeziba taa za Juhudi na Nidhamu.

Siku chache baadaye, alasiri, Uvumilivu ikawa nyekundu.

Haikupitia njano. Ilikuwa kijani, Kidawa akainamisha kichwa kupuliza chai, alipoinua ilikuwa nyekundu. Alitazama kulia na kushoto kuona kama kuna mwingine aliyeona. Halafu akapiga simu Mgandini, kwenye namba ya kiwanda, ambako siku zote alipokea Bwana Chambuso, msimamizi wa zamu. Ukiacha siku ile ya kuwapa habari za Mashine Bora, kwa miaka yote hiyo wawili hawa walikuwa wakizungumza maneno yaleyale: mashine zote ziko salama, dada, ahsante, kaka, ahsante nawe.

Siku hiyo simu iliita mpaka ikakatika.

*

Mkurugenzi wa Kituo aliitwa Mheshimiwa Mhandisi Daktari Tindwa, na ilibidi majina yote yatajwe. Alikuwa na ofisi yenye zulia na dirisha lililopakwa rangi ili mwanga wa nje usiharibu skrini.

"Mheshimiwa Mhandisi Daktari," Kidawa akasema, "Uvumilivu imekuwa nyekundu."

"Umeizima na kuiwasha?"

"Mashine?"

"Skrini."

"Nimefanya hivyo. Imerudi nyekundu."

Mkurugenzi alivua miwani akaiweka mezani taratibu. "Dada Kidawa, unajua kanuni. Mashine ikikaa nyekundu siku mbili, kiwanda kinatangazwa marehemu. Kiwanda kikiwa marehemu, laini yake ya umeme inakatwa. Na hii ni Mashine Bora ya Taifa. Juzi tu Waziri ameivalisha maua. Sasa mimi nikamwambie nini? Nikamwambie maua yameiua?"

"Nadhani kuna tatizo kule kwenye mashine, Mheshimiwa."

"Sisi hatuangalii mashine, dada. Sisi tunaangalia taa." Akavaa miwani tena. "Utakwenda mwenyewe. Chukua gari la Kituo. Nenda ukaiondoe hiyo rangi."

"Nikifika nifanye nini?"

"Ndiyo maana tunakutuma. Ungekuwa unajua la kufanya tungekupigia simu."

Kidawa akasema sawa. Alipotoka alijaribu kupima kama ameogopa, akakuta hajaogopa. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, ila kwake haukuwa mguu.

*

Alifika Mgandini asubuhi ya siku ya pili. Dereva alimshusha kwenye geti la kiwanda, akageuza gari na kwenda kutafuta chai. Geti lilikuwa wazi. Kidawa akaingia.

Ukumbi wa mashine ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, na ulikuwa mtupu. Sakafuni kulikuwa na alama nyeusi za mafuta, mistari kwa mistari, pale mashine zilipokuwa zimesimama. Kuku walikuwa wakitembea kwenye alama hizo. Ukutani palikuwa na kibao kinachosema *Usivae nguo pana karibu na mashine*. Hapakuwa na kitu kingine.

Akatoa simu yake, iliyounganishwa na skrini ya Kituo, akatazama. Juhudi: kijani. Nidhamu: kijani. Utiifu, Shukrani, Umoja: kijani, kijani, kijani. Uvumilivu: nyekundu. Akainua macho akatazama kuku.

Mwanamke aliyekuwa anapita nje na ndoo kichwani alimwona, akasimama. Mguu wake mmoja uliendelea kutikisika ingawa amesimama.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Bwana Chambuso. Natoka Kituoni."

"Yuko msibani. Wote wako msibani. Mwajabu amefariki jana alasiri."

"Pole sana," Kidawa akasema, kwa sauti yake ya habari nzuri.

"Tumekwisha poa. Njoo nikupeleke."

Nyumba ya msiba ilikuwa karibu. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza kwenda makaburini. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, wamejifunika kanga, na Kidawa akapewa nafasi kati yao bila kuulizwa kitu, kama inavyofanyika mahali penye msiba. Akakaa. Akawaona wote wanapepesuka, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na akadhani ni uchungu. Ni desturi ya uchungu kumtikisa mtu. Lakini kadiri alivyokaa aliona kwamba huyu anapepesuka kwa mwendo wake na yule kwa mwendo wake, na hakuna anayekosea wala anayepumzika, hata yule bibi mnene pembeni aliyekuwa amesinzia kabisa alikuwa anapepesuka usingizini. Wengi wao, katika jua lile, walikuwa wamejifunika blanketi chini ya kanga.

Jirani yake alipoinama kumpokea mtoto, kanga ilimteleza begani. Kwenye kwapa lake, kimefungwa kwa kitambaa, kulikuwa na kidude cha unene wa kizibo cha chupa.

Kidawa alikitazama muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mwanaidi," yule mwanamke akasema, halafu akaona macho ya mgeni yalipo. Akavuta kanga yake. "Mimi ni Shukrani," akasema.

*

Bwana Chambuso aliporudi kutoka makaburini hakuwa vile Kidawa alivyomfikiria. Sauti yake ya simu ilikuwa ya mtu mkubwa. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mvi zimemtawala, amevaa koti la baridi. Alisalimia, akaketi kwenye kigoda mbele ya Kidawa, na magoti yake yakaanza kucheza.

"Nisamehe, dada. Mimi ndiye Nidhamu. Nikitulia wataona njano."

"Mashine ziko wapi?"

"Zilichukuliwa kwenda kutengenezwa."

"Na nani?"

"Wizara. Walikuja na malori. Walikuwa na barua nzuri tu, yenye mhuri. Tukawasaidia kupakia. Wakasema, hivi vidude vya mtandao ni mali ya Kituo, sisi wizara yetu ni nyingine, bakini navyo. Baadaye tukasikia mashine zimeuzwa chuma chakavu." Alisema hivyo bila hasira, kama anayesoma kibao. "Tukakaa na vihisi vyetu. Tulikuwa tunajua kiwanda kikionekana kimekufa, laini inakatwa. Na laini ya kiwanda ndiyo inayosukuma pampu ya maji ya mji huu. Hapa hakuna mto, dada. Kuna pampu. Friji ya chanjo kule zahanati nayo iko kwenye laini hiyohiyo. Basi tukakaa kikao. Kila fundi akachukua kihisi cha mashine yake."

"Mkavivaa."

"Kwanza tulivitikisa kwa mkono. Haikutosha, vinataka joto. Joto vinalolitaka ni la mtu mwenye homa kidogo, ndiyo maana unaona mablanketi. Huyu anasaga mahindi, huyu anatwanga, huyu anabembeleza mtoto wa jirani. Kengele ya kiwanda ikilia asubuhi tunaanza, ikilia jioni, skrini zenu zikizimwa, tunavua. Mtu mmoja hawezi kuvaa viwili. Vinapiga pamoja na skrini yenu inalalamika. Kwa hiyo kila mtu na chake."

"Na Mwajabu alikuwa Uvumilivu."

"Alikuwa anakifunga gotini, anakanyaga cherehani. Hata nguo za kushona zilipokwisha alikuwa anakanyaga tu, bila uzi." Magoti ya Chambuso yaliendelea. "Baada ya mvua akashikwa na homa. Homa kali, na kutetemeka. Dawa zahanati hazikuwepo. Tukamwambia apumzike. Akasema nikipumzika nani atakaa hapa? Na kweli hakukuwa na mtu, wazima wote walikuwa na vyao. Halafu mkapiga simu, dada, mkasema Uvumilivu imekuwa mashine bora ya taifa, mfano kwa wote, iendelee hivyohivyo. Ulipiga wewe."

"Nilipiga mimi," Kidawa akasema.

"Nilimpelekea habari hizo. Alicheka sana. Jana alasiri aliegemea cherehani, tukadhani amepumzika."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mfupi mwenye udongo wa kaburi kwenye viatu. Alikuwa Selenge, mume wa Mwajabu. Alimkabidhi Kidawa kile kidude kikiwa kimeoshwa na kufungwa kwenye leso. "Ni mali yenu," akasema.

Kidawa alikishika. Kilikuwa baridi. Mwaka uliopita baba yake mwenyewe alizikwa, Kituo hakikumpa ruhusa, akayatazama mazishi kwa simu akiwa kazini, na mtandao ukakatika wakati wa kushusha maiti. Uliporudi watu walikuwa wanakung'uta mikono. Alikuwa ameirudisha simu mfukoni na kuendelea kutazama taa, na tangu hapo hakuwa amelifikiria jambo hilo. Alilifikiria sasa, kidogo, kisha likapita.

"Leo ni siku ya pili," Chambuso akasema. "Jioni wanatutangaza marehemu."

Kidawa alitazama saa yake. Akafungua leso, akakifunga kile kidude juu ya goti lake mwenyewe, akaomba blanketi. Kisha akaanza kutikisa mguu.

*

Simu kutoka kwa Mkurugenzi ilifika kabla chai haijapoa.

"Imerudi kijani! Umefanyaje?"

"Nimeishikilia, Mheshimiwa Mhandisi Daktari."

"Usiiachie! Kaa hukohuko. Umeokoa mashine, dada. Waziri amefurahi mpaka amekunywa maji."

Basi Kidawa akakaa Mgandini. Alilala kwa Mwanaidi, na asubuhi kengele ilipolia alikwenda kwenye cherehani ya Mwajabu na kukanyaga. Selenge hakumkataza wala hakumkaribisha. Alimwekea kikombe cha uji kwenye dirisha na kuondoka kwenda kutwanga, kwa sababu yeye alikuwa Utiifu. Kidawa alikanyaga, akatazama ukuta, na haikuwa tofauti sana na kazi yake ya zamani, ila miguu iliuma. Siku ya tatu au ya nne maumivu yalipanda mpaka kiunoni, akayaona kuwa ni kitu cha ajabu, kwa kuwa yalikuwa yake.

Wiki hiyohiyo Utuvu ilipata wageni. Walikuwa wakubwa kutoka nchi za mbali, waliokuja kuona jinsi taifa hili linavyotazama viwanda vyake bila kuvikaribia, na Waziri aliwaandalia hafla katika ukumbi wa Kituo, mbele ya skrini kubwa. Mkurugenzi alipiga simu asubuhi.

"Leo ni siku yetu. Wageni watataka kuona nguvu. Waziri atabonyeza kitufe, na Mgandini mtaongeza mwendo. Mashine zote, mpaka mwisho."

"Mheshimiwa, mashine za huku ni za zamani."

"Ndiyo maana tunaziangalia kwa mbali, dada. Kwa karibu zingetia huruma."

Kidawa akaikata simu, akawaeleza wenzake. Hakuna aliyelalamika. Walikusanyika katika ukumbi mtupu wa kiwanda, kila mmoja akasimama kwenye alama ya mafuta ya mashine yake ya zamani, si kwa kuambiwa, ilitokea tu. Kuku walitolewa nje. Kidawa hakuwa na alama, akauliza Uvumilivu ilikaa wapi, na Selenge akamwonyesha kwa kidole.

Simu ikaita. "Kitufe kimebonyezwa!"

Wakaanza kukimbia papo hapo, kila mtu mahali pake, na mablanketi mabegani. Mafundi wa kufuma, watu wazima wenye wajukuu, walikimbia bila kwenda popote, na vumbi likapanda mpaka madirishani. Simu ilikuwa imewekwa sakafuni, sauti imefunguliwa, na Waziri alisikika akihutubia.

"Waheshimiwa wageni, mnachokiona si taa. Mnachokiona ni jasho la chuma! Chuma kinaipenda nchi yake! Ongeza!"

"Ongezeni," simu ikasema kwa sauti ya Mkurugenzi.

Wakaongeza. Yule bibi mnene alikuwa anahema kama mvukuto. Mwanaidi alikuwa analia, lakini mwendo wake haukupungua.

"Ongeza tena!"

Chambuso akaanguka. Hakupiga ukelele, alikunjika tu kuanzia magotini, kama koti linalodondoka msumarini. Wawili waliokuwa karibu naye walimtazama wakiendelea kukimbia. Selenge naye alimtazama akiendelea kukimbia, na uso wake ukawa uso ambao Kidawa hajawahi kuuona kwa mtu.

"Nidhamu imekuwa nyekundu!" simu ikapiga kelele. "Kidawa! Nidhamu!"

Kidawa alisimama.

Alipiga magoti pale kwa Chambuso, akamfungua vifungo vya koti, akamtoa blanketi. Alikuwa anapumua. Alimfungua kile kidude kifuani, akakitupa. Akainama akafungua cha kwake gotini, akakitupa. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Vueni."

"Maji, dada," mtu mmoja akasema, bado anakimbia. "Watakata maji."

"Basi tukayateke kabla hawajakata. Vueni."

Wakavua. Vile vidude vikaanguka sakafuni kimoja baada ya kingine.

*

Walimlaza Chambuso kivulini, wakampa maji ya chumvi na sukari. Alipofumbua macho alitaka kutikisa goti, na Mwanaidi akalikalia. Wengine wote walikimbilia bombani. Mji mzima ulitoka na vyombo: ndoo, madumu, sufuria, mabeseni ya kufulia, karai la fundi mwashi, hata mtungi wa maua wa zahanati. Muuguzi aliifunga friji ya chanjo kwa magodoro ili baridi isitoke upesi. Wakateka mpaka hakukuwa na kitu kilichobaki kisichojaa, kisha wakakaa chini kuzunguka bomba, wakasubiri maji yakatike.

Jua likaanza kushuka. Maji yaliendelea kutoka.

Kidawa alipiga simu mwenyewe. Mkurugenzi alipokea akicheka, na nyuma yake palikuwa na muziki.

"Dada Kidawa! Umetuua kwa furaha!"

"Mheshimiwa, taa zote si zimekuwa nyekundu?"

"Zote! Kwa mpigo! Ukumbi ukanyamaza kimya. Mimi nikasema, leo nimekwisha. Mara Waziri anainua mikono, anasema: wageni wangu, huo ndio moto wa maendeleo! Wageni wakasimama, makofi mpaka vigae vikatikisika. Imeamuliwa hapohapo kwamba kuanzia leo nyekundu ndiyo uzima. Waambie mashine zikae hivyohivyo, zisiguswe."

"Na laini ya umeme ya huku? Lini mnaikata?"

"Laini ipi?"

"Ile inayokatwa kiwanda kikiwa marehemu."

"Aa, ile." Mkurugenzi alitafuna kitu, akameza. "Ile haijawahi kukatwa, dada. Kukata kunahitaji Ofisa Mkata Laini, na nafasi hiyo haijapata mtu tangu Kituo kifunguliwe. Kanuni tuliiandika ili ionekane ipo. Hongera sana, lakini. Rudi upesi, kuna keki."

Kidawa alikata simu. Watu walikuwa wanamtazama. Alijaribu kutumia ile sauti yake ya kusema nzuri, akaitafuta, haikuwepo.

"Wamesemaje?" Mwanaidi akauliza.

Akawaambia. Aliwaambia yote, taratibu, hadi kuhusu ile nafasi isiyo na mtu, na alipofika hapo midomo yake ilikuwa inatetemeka bila yeye kuitaka itetemeke. Yule bibi mnene aliutazama mguu wake, uliokuwa umetulia, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Selenge alikuwa amekaa juu ya dumu lililojaa. Mikono ilikuwa juu ya mapaja.

"Kwa hiyo," akasema, "angeweza kulala."

Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya mbele, yanapita katikati ya miguu yao na kuingia vumbini. Baada ya muda mtu mmoja akaondoka pale alipokaa, akaenda kulifunga bomba.